Kamera Ikae Mkekani

Kosa lililonifundisha kazi hii ya kuongoza hadithi za uhalisia pepe nililifanya jikoni kwa mamkubwa wangu, Mji wa Kale, Mombasa, mwaka 2016. Wakati huo nilikuwa nimeshafanya kazi ya redio miaka saba na matangazo ya televisheni miaka mitatu, na niliamini kwamba najua kusimulia. Nilikuwa nimeazima kamera ya kupiga picha za nyuzi 360, ambayo kwa kweli ilikuwa kamera sita ndogo zilizofungwa pamoja kwenye fremu moja ya plastiki, kila moja ikitazama upande wake, ili picha zake ziunganishwe baadaye kwa kompyuta na mtu akivaa miwani ya uhalisia pepe aweze kugeuza kichwa na kuona kila kona kana kwamba yumo mle chumbani. Mamkubwa aliketi juu ya mbuzi, akavuta sinia karibu na goti, akavunja nazi na kuanza kukuna. Mimi nikaisimamisha kamera mbele yake juu ya stendi ya miguu mitatu, sentimita 160 kutoka sakafuni, yaani usawa wa macho ya mtu aliyesimama, kama maelekezo niliyosoma yalivyoshauri. Nikaiwasha, nikatoka nje na kuufunga mlango.

Kutoka nje ni lazima. Kamera inayoona pande zote haina upande wa nyuma ambako mkurugenzi, mshika taa na fundi sauti wanaweza kusimama. Mtu anayeongoza kazi hii huondoka mahali penyewe wakati jambo linapotokea, akabaki nyuma ya ukuta akisikiliza. Kwangu mimi niliyezoea kumwelekeza kila mtu kwa mkono, ilikuwa vigumu kuliko kitu chochote nilichowahi kujifunza.

Tulitumia wiki mbili kuunganisha zile picha, kwa sababu mkono wa mamkubwa ulikuwa ukipita kutoka kamera moja hadi nyingine na kwenye mshono ukawa unakatika vidole. Tulipomaliza nikampelekea miwani nyumbani. Akaivaa, akatazama mbele, akageuza shingo mara mbili, akaivua na kunirudishia.

"Huyu ni nani aliyesimama juu ya kichwa changu, nami nakuna nazi?" aliniuliza. "Hata hodi hakupiga."

Nilidhani hakuelewa teknolojia. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeielewa. Mimi nilikuwa nikiifikiria picha, naye alikuwa akimfikiria mtu anayeitazama, kwa sababu kwa mila yake hakuna jicho linaloingia jikoni bila mwenye jicho. Aliyeingia hakubisha hodi, hakusalimu, hakusalimiwa, na juu ya hayo alisimama wima mbele ya mtu mzima aliyeketi chini, jambo ambalo mtoto wa miaka sita katika mtaa ule angekaripiwa kwalo. Katika filamu ya kawaida kamera inaweza kupanda na kushuka itakavyo, nasi tunaotazama tumekaa salama kwenye viti vyetu. Ndani ya miwani kamera ni mwili wa mgeni, na mwili hauna budi kuwa na adabu.

Tangu hapo sijaanza kazi yoyote kabla ya kuandika majibu ya maswali matatu: mgeni huyu ni nani katika hadithi, amekaa wapi, na nani anajua kwamba yupo. Watu wengi huniuliza mkurugenzi wa ubunifu anafanya nini, maana siandiki programu, sichori maumbo ya pande tatu, wala sishiki maikrofoni. Kazi yangu ni kuyalinda hayo maswali matatu tangu siku ya kwanza ya mazungumzo hadi siku ya kufungua milango, wakati bajeti, muda na mashine vyote vinavuta kwingine.

Tulirudi jikoni kwa mamkubwa miezi mitatu baadaye. Safari hii kamera ilikaa juu ya mkeka, kwenye kibao, sentimita 80 kutoka sakafuni, chini kidogo ya macho yake. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba mgeni akiingia amkaribishe kama anavyomkaribisha mtu yeyote. Nyuma ya mlango nilisikia hodi ya binti wa jirani tuliyemwomba abishe, kisha kimya kidogo, kisha sauti ya mamkubwa: "Karibu, mwanangu. Kaa." Hapo mlio wa mbuzi ukaanza tena, kra, kra, kra, polepole, na kila baada ya muda ule mgoto laini wa machicha yakidondokea siniani. Alipofika kwenye kukamua alikisogeza kifumbu upande wa kamera, kama mtu anavyomsogezea mwenziwe aone vizuri, na tui la kwanza likashuka zito mbele ya macho ya mgeni. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kamera ilipokaa mahali pa mtu, aliitendea kama mtu.

Redio ndiyo iliyoniokoa katika sehemu iliyobaki. Mtu aliyetoka kwenye filamu huona tabu sana akigundua kwamba hawezi kuchagua mtazamaji atazame wapi, kwani wakati jambo kubwa linatokea kulia, mgeni anaweza kuwa anakodolea macho kalenda iliyo ukutani kushoto. Wengine hujaribu kuweka mishale na taa zinazometameta. Sisi wa redio tumezoea kumwongoza mtu asiyeona kitu. Sauti ikitoka nyuma ya bega, shingo hugeuka yenyewe kabla ya akili kuamua. Katika jiko lile, sauti ya binti kutoka uani ikisema "Mama, maji yamechemka" iligeuza karibu kila mtu niliyemvalisha miwani, na alipogeuka alikuta mlango uko wazi, mwanga wa uani umeingia na mvuke unapanda. Kwa hiyo maikrofoni zetu hurekodi pande zote pia, na sauti hubaki mahali pake hata mgeni anapozungusha kichwa. Nawaambia vijana wanaoanza kwamba kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, wanunue sauti.

Kosa la pili nililifanya baharini. Nilitaka watu waonje kusafiri kwa mashua, nikaifunga kamera karibu na mlingoti, tukaenda hadi nje ya mlango wa bahari ambako mawimbi yanainuka. Picha zilikuwa nzuri mno. Siku ya kuzionyesha, watu watatu walivua miwani kabla ya dakika ya pili, na mmoja akakimbilia dirishani. Macho yao yaliona chombo kinapanda na kushuka, lakini sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mizani ya mwili, liliwaambia kwamba wamekaa tuli kwenye kiti, na tumbo likakataa kuamua kati ya mashahidi wawili. Mzee mmoja nahodha alinieleza kwamba haya yanajulikana zamani, ila kwa upande wa pili: abiria anayejifungia ngamani, asione bahari, ndiye anayetapika kuliko aliyekaa sitahani. Tulirekodi upya kutoka kwenye fungu la mchanga maji yalipokupwa. Mgeni alikaa tuli, na chombo ndicho kilichomjia, kikitanda tanga mpaka akasikia maji yakigonga ubavu wake.

Mashine zenyewe nazo zina masharti yake. Miwani ya kuunganishwa na kompyuta iliyoingia sokoni mwaka 2016 ilikuwa ikionyesha picha 90 kwa sekunde, na kanuni ya wahandisi ni kwamba kutoka kichwa kinapogeuka hadi picha inapogeuka kusipite milisekunde 20, la sivyo kichefuchefu kinaanza. Kamera ndogo za aina ile zilipata joto haraka, na katika joto la Mombasa la mwezi wa Februari zilizimika moja baada ya nyingine, hivyo tukajifunza kurekodi alfajiri na kuzifunika kwa taulo lenye maji baridi kati ya onyesho moja na jingine. Hakuna kitabu kilichotuambia habari za taulo.

Nilipoanza kusoma historia ya fani hii nilifarijika kuona kwamba si ngeni kama wanavyoitangaza wauzaji. Morton Heilig, Mmarekani, alipata hataza mwaka 1962 ya mashine aliyoiita Sensorama, ambayo mtu alikaa mbele yake akaona filamu huku kiti kikitetemeka, upepo ukimpuliza na harufu zikimfikia. Mwaka 1968 Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani ambacho kilibidi kining'inizwe kwenye dari. Nonny de la Peña alionyesha mwaka 2012, katika tamasha la filamu la Sundance, kazi kuhusu foleni ya chakula cha msaada Los Angeles, na baadhi ya watazamaji walitoka wakilia. Miaka mitatu baadaye Umoja wa Mataifa ulidhamini filamu ya nyuzi 360 kuhusu msichana wa Kisyria katika kambi ya Zaatari nchini Jordan, na kuanzia hapo kila shirika lenye mfuko wa misaada lilitaka filamu ya aina hiyo. Namheshimu Heilig kuliko wote, kwa sababu ya harufu. Alielewa kwamba mtu ana pua.

Wimbi hilo la mashirika lilitufikia na sisi, na hapo ndipo nilipopata na kupoteza kazi. Shirika moja lilitaka tuingie katika hema la familia iliyohamishwa na mafuriko, ambamo mama alikuwa anauguza mtoto, ili wafadhili wake walio mbali wajione wamo hemani. Nilikutana na yule mama. Hakukataa, lakini niliona kwamba kukataa hakukuwa miongoni mwa vitu alivyopewa nafasi navyo, kwa kuwa aliyeomba ndiye aliyeleta unga. Nilipendekeza tukae nje ya hema, mahali ambapo jirani angekaa, na yeye atoke atueleze anachotaka akiwa tayari. Walisema kwamba huko nje hakuna hisia za kutosha. Tulirudisha malipo ya awali, na kwa miezi minne ofisi yetu ililipa kodi kwa kazi za harusi. Nisingefanya vingine hata leo.

Ridhaa katika kazi hii ni pana kuliko katika picha ya kawaida. Kamera inayoona kila upande itaona pia vidonge vya sukari vilivyo juu ya kabati, picha ya marehemu mume, na binti anayepita uani bila mtandio akidhani hayumo. Niliwahi kutupa rekodi bora kuliko zote tulizopata mwaka ule kwa sababu ya binti kama huyo. Ningeweza kumfuta kwa kompyuta, lakini mamake alikuwa ameshaona na ameshaingiwa na hofu, na hofu ile haifutiki kwa kompyuta. Sasa kabla ya kufungua sanduku la kamera tunazunguka nyumba nzima na mwenyewe, chumba kwa chumba, na kazi ikikamilika mtazamaji wa kwanza ni yeye, kabla ya aliyelipa.

Mpangilio ninaoutumia hadi leo niliupata katika nyumba za mawe za Lamu, mji ambao uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mgeni wa nyumba ile haingii moja kwa moja. Kuna daka lenye baraza za mawe mlangoni, ambapo mtu yeyote anaweza kuketi. Kuna njia inayopinda ili jicho la barabarani lisifike ndani. Kisha kuna kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu, halafu misana, yale makumbi marefu membamba, na mwisho ndani, penye zidaka, vile vishubaka vya chokaa ukutani, ambapo hafiki ila aliye wa nyumba. Niliketi siku nzima kwenye daka moja nikichora. Hadithi nyingi za uhalisia pepe zinamtupa mtu ndani moja kwa moja, kwenye machozi, na hazimpi baraza. Tangu siku ile, kila kazi yetu ina daka lake, dakika moja au mbili ambazo hakuna kinachotokea zaidi ya mgeni kuzoea mikono yake, mwanga na sauti, na mtu fulani kumwona.

Mwaka 2019 tulipata nafasi ya kutengeneza onyesho kuhusu mtepe, chombo kilichokuwa kikiundwa pwani ya Lamu na visiwa vya Wabajuni kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, kikatwekwa tanga la mkeka la mraba. Nilikuwa nimeuona mtepe wa mfano katika jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, Zanzibar, na nilisimama mbele yake muda mrefu nikiuangalia mshono. (Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo lile iliporomoka na mafundi wawili wakapoteza maisha. Sikuweza kufanya kazi siku kadhaa.)

Toleo la kwanza la onyesho lilikuwa la miwani, na tulijivunia kwamba lilikuwa na sehemu 12 za kugusa, kila moja ikifungua maelezo. Wageni waligusa zote 12 kama watu wanaohesabu mayai, wakatoka bila kukumbuka hata moja. Tuliwapa vitufe tukadhani tumewapa uamuzi. Halafu ikaja hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mwanzo. Tulikuwa na miwani minne. Hadithi ilichukua dakika 8, na kuivua, kuipangusa na kumvalisha mwingine dakika 3, kwa hiyo kila miwani ilihudumia watu 5 kwa saa, na yote minne watu 20. Shule moja ilileta wanafunzi 200. Waliobaki nje walisimama juani wakitazama wenzao waliofunikwa nyuso, wakicheka peke yao, kila mmoja na ulimwengu wake. Na wale walioingia, mikanda ya kichwani haikuwatosha: haikukaa juu ya misuko, ilivuruga mitandio ya wasichana, na mvulana mmoja alikataa kuvua kofia yake. Kifaa kile kilibuniwa kwa kichwa cha mtu mwingine.

Tulifunga onyesho kwa wiki sita. Tulipolifungua tena hapakuwa na miwani hata mmoja. Palikuwa na chumba chenye giza, projekta tatu, spika kuzunguka kuta, na katikati ubavu wa chombo uliojengwa na fundi wa Lamu, wenye matundu na kamba za kweli za makumbi. Mbao tulizipaka sifa, yale mafuta ya papa, hivyo harufu ilimpokea mtu kabla ya macho kuzoea giza. Ndani ya kila kamba tuliweka kihisi kinachopima mkazo. Mtu mmoja akivuta, mshono unakaza kidogo na sauti ya fundi mmoja inaanza kuimba. Wakivuta wengi kwa pamoja, sauti zinaongezeka, maji kwenye kuta yanapanda, na chombo kinaelea. Hakuna mtu anayeweza kukifanya chombo kielee peke yake. Sikulazimika kuandika hilo popote, watoto walilijua kwa mikono.

Mlango wa onyesho ulikuwa na jambo moja dogo ambalo ndilo nililolipenda zaidi. Msimulizi alianza kwa "Paukwa!", na hadithi haikuendelea mpaka chumba kijibu. Kijana wetu wa programu alijaribu kwanza kuifundisha kompyuta kulitambua neno "pakawa", ikashindwa, kwa sababu watoto walipiga kelele zikagongana na wazee walijibu kwa sauti ya chini. Nikamwambia kwamba bibi anayesimulia hapimi matamshi, husikiliza kama kuna mtu. Tukaacha kutambua maneno na kupima tu kupanda kwa sauti ya binadamu chumbani. Kukiwa kimya, msimulizi anarudia kwa upole zaidi, na mara ya tatu anaendelea mwenyewe, kama anayeona kwamba watoto wameanza kusinzia. Mistari michache ya programu ilitosha.

Siku hizi kazi nyingi ninazopokea ni za vyumba kama kile, za makumbusho na maktaba, na miwani naitumia pale tu ambapo jambo lenyewe linahitaji mtu mmoja na mtu mmoja. Jiko la mamkubwa ni moja ya hayo. Alifariki mwaka jana. Binti yake wa mwisho, anayeishi Maskati, hakuwahi mazishi, akafika wiki tatu baadaye na kuja ofisini moja kwa moja, begi likiwa bado mkononi. Nilitandika mkeka, nikamvalisha miwani juu ya mtandio wake, nikalegeza mkanda. Alikuwa bado amesimama. Nikasikia kwa mbali, kwenye spika ndogo za kifaa, ile hodi, kile kimya, na sauti ya mamkubwa: "Karibu, mwanangu. Kaa."

"Nimekaa, mama," alisema, akapiga magoti, akakaa.

Mbuzi ikaanza kukuna. Nilitoka, nikaufunga mlango taratibu, nikasimama nyuma ya ukuta kama siku ile tuliyorekodi.